Kazi ya Kupunguza: Habari za Mtunga Hadithi na Mswada Wake

Watu wengi wakishika kitabu kilichopigwa chapa hudhani ya kuwa maneno yake yalitoka kichwani mwa mtungaji kama maji yatokavyo chemchemini, safi na kwa mfululizo, naye hakuwa na kazi ila kuyakinga. Hawaoni alama ya kufuta wala mstari uliokatwa, maana mpiga chapa haonyeshi hayo. Siku moja watoto wa darasa la sita walituuliza, "Mwalimu, mtu aliyeandika kitabu hiki alisahihishwa na nani?" Swali hilo twaliona kuwa jema, nasi twapenda kulijibu hapa kwa kirefu, kwa kuwa sisi nasi tumekuwa tukitunga hadithi ndefu kwa muda wa miaka minne. Kuandika kulitushughulisha sana. Lakini kuondoa yaliyokwisha kuandikwa kulitushughulisha zaidi.

Yafaa kwanza tutenge kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Iko kazi ya kusahihisha, nayo ni ile tuifanyayo sisi walimu kwa kalamu nyekundu: herufi iliyopotea, nukta isiyotiwa, neno la mitaani lililoingia mahali pa neno la vitabuni. Kazi hii mtu mwingine aweza kumfanyia mtungaji. Katika nchi zetu ilifanywa kwa bidii tangu mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, nayo ikawa ikisoma miswada ya vitabu vya shule ili kuangalia kama Kiswahili chake ni sanifu. Kazi ya pili ni ya kutengeneza, yaani kuutazama mswada wote tangu mwanzo hata mwisho na kuuliza ni lipi la kukaa na lipi la kutoka. Kazi hiyo kamati haiwezi kuimaliza, wala mhariri hawezi. Wao waweza kuonyesha mahali. Mkono wa kukata ni wa mtungaji mwenyewe.

Mkulima huifahamu kazi hii upesi kuliko msomi. Apandapo mahindi hutia mbegu tatu katika shimo moja, kwa kuhofu panya na ukame. Zikiota zote tatu, hana budi kung'oa mche mmoja ungali mchanga, ili ile miwili ipate nafasi. Kumbukeni ya kuwa akiung'oacho si gugu. Ni mche mzima wa mahindi, wa rangi ya kijani, ambao juma lililopita alikuwa akiomba uote. Walakini akiuonea huruma akauacha, siku ya mavuno atapata mabua membamba na magunzi yasiyojaa. Kupalilia magugu hakumsumbui mtu moyoni. Kupunguza miche humsumbua. Nasi twadhani ya kuwa shida yote ya kutunga vitabu imo katika tofauti hiyo.

Mfano ulio bora kwetu sisi Waafrika ni Bwana Chinua Achebe wa Nigeria. Wengi wenu mmemjua kwa Kiswahili, maana kitabu chake cha kwanza, Things Fall Apart, kilifasiriwa na Bwana Clement Ndulute, kikatoka mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Achebe alizaliwa tarehe 16 Novemba 1930, akakulia katika mji wa Ogidi, nchi ya Waigbo. Baba yake alikuwa katekista wa misheni ya C.M.S. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Ibadan, akamaliza mwaka 1953. Akafundisha shule kwa miezi michache, kisha akaingia kazi ya redio mjini Lagos. Hadithi yake aliiandika kwa mkono, huku akifanya kazi hiyo ya redio.

Mwaka 1956 alikwenda London kusoma katika chuo cha watumishi wa redio ya B.B.C. Huko alimwonyesha mswada wake mwalimu mmoja wa chuo, Bwana Gilbert Phelps, ambaye naye alikuwa mtunga hadithi. Phelps aliupenda, akataka kuupeleka kwa wapiga chapa wake. Fikirini basi, wasomaji: kijana wa miaka 25, mgeni katika mji mkuu wa Waingereza, afunguliwa mlango ambao wengine hubisha hata uzee wao. Nani kati yetu asingeingia? Lakini Achebe hakukubali. Aliona ya kuwa mswada haujawa tayari, akarudi nao nyumbani.

Ulikuwa umepungukiwa na nini? Haukupungukiwa, ulizidi. Mswada ule ulikuwa na habari za vizazi vitatu vya jamaa moja. Alikuwamo Okonkwo, mtu wa zamani aliyesimama imara katika mila za wazee. Alikuwamo mwanawe, aliyeifuata dini mpya. Tena alikuwamo mjukuu wake, kijana aliyesoma akapata kazi ya serikali mjini. Achebe alitambua ya kuwa habari hizo tatu, zikikaa pamoja ndani ya kitabu kimoja, zimekuwa nyembamba kama ile miche yetu ya shimo moja. Akaiondoa sehemu ya pili na ya tatu, akabaki na Okonkwo peke yake. Kisha akaongeza mambo mengine katika sehemu iliyobaki, akazitengeneza sura zake upya, hata kikasimama kitabu chenye sura 25. Angalieni utaratibu wake: alikata kwanza, ndipo alipopata nafasi ya kuongeza.

Habari za mjukuu hakuzitupa. Zilikuwa kama mpunga wa kitaluni uliongoja kupandikizwa. Alipozitia katika shamba lake zenyewe, zikawa kitabu kingine, No Longer at Ease, kilichotoka mwaka 1960. Lakini habari za mwana, yule wa katikati, hazikupata kitabu chake hata Achebe alipofariki tarehe 21 Machi 2013. Twawaomba mlishike jambo hilo la mwana wa katikati, maana tutalihitaji tutakaposema habari zetu.

Mwaka 1957, alipokwisha kutengeneza, aliona katika gazeti moja la Uingereza tangazo la kampuni ya kupiga taipu miswada ya watu. Akawapelekea mswada wake kwa posta, ule ule alioandika kwa mkono, wala hakuwa na nakala nyingine. Wakamwambia alete fedha kwanza, akazipeleka. Kisha kimya. Miezi ikapita, barua zake hazikujibiwa. Kwa bahati njema mkuu wake wa kazi, Bibi Angela Beattie, alikuwa akienda London kwa likizo. Achebe akamweleza, naye alipofika akaenda mwenyewe hata ofisini kwa watu wale, akawauliza kwa ukali habari za mswada. Wakautafuta, wakaukuta umetupwa pembeni. Baadaye Achebe alieleza ya kuwa kama mswada ule ungalipotea, huenda angalikata tamaa ya kuandika kabisa.

Jambo kama hilo liliwahi kuonekana karibu na kwetu pia. Mwaka 1978 Bwana Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti nchini Kenya, alikuwa akitunga kwa Kikuyu kitabu chake Caitaani Mũtharabainĩ juu ya karatasi za msalani, kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine. Askari wa gereza wakazichukua, kisha baada ya muda akarudishiwa. Hatuwezi sote kuwa na bahati ya kurudishiwa. Kwa hiyo mtungaji asiwe na nakala moja tu.

Mswada wa Achebe ulipopigwa taipu ulifika katika kampuni ya Heinemann ya London. Kitabu kilitoka mwaka 1958, nakala 2,000 kwa mara ya kwanza. Baadaye kikafasiriwa katika lugha zaidi ya 50. Na wenye kampuni wenyewe walisema ya kuwa hawakugusa maneno yake. Mtu akilisikia neno hilo peke yake atadhani Achebe alijaliwa kuandika bila kurudia. Sisi tujuao habari za sehemu mbili zilizoondolewa twaona kinyume chake: wahariri hawakuwa na la kukata kwa sababu mtungaji alikuwa amekwisha kukata.

Wala si Achebe peke yake. Bwana Leo Tolstoy wa Urusi aliandika Vita na Amani kati ya mwaka 1863 na 1869, naye alikuwa akikata na kuongeza kila siku, kwa mwandiko mbaya mno. Mkewe, Bibi Sofia, ndiye aliyekuwa akinakili upya kwa mkono, na mumewe akizipata karatasi safi huzichafua tena. Bwana Ernest Hemingway wa Marekani alisema ya kuwa mwisho wa kitabu chake cha mwaka 1929, A Farewell to Arms, aliuandika mara 39 kabla ya kuridhika. Na toleo la kitabu hicho lililotoka mwaka 2012 lilionyesha miisho 47 iliyokutwa katika karatasi zake. Mtoto wa shule akiambiwa aandike insha yake mara ya pili hununa. Ni vema ajue habari za watu hawa.

Sasa twaja kwenye habari zetu wenyewe, nazo ni ndogo mbele ya hizo, ila ndizo tuzijuazo kwa ndani.

Babu yetu alikuwa Muha. Katika miaka ya 1940 aliondoka kwao upande wa Kigoma akiwa kijana, akapanda garimoshi pamoja na wenzake, akaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Watu wa namna yake waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na siku zake za kazi zilihesabiwa juu ya kipande, siku 30 kwa kipande kimoja. Alikusudia kurudi kwao baada ya kandarasi yake, hakurudi. Baba yetu alizaliwa kambini, akasoma kidogo, akawa seremala. Sisi ni watoto wa seremala huyo, tukasomeshwa na misheni, tukawa walimu. Hadithi tuliyotaka kuitunga ilikuwa ya jamaa ya namna hiyo, majina yamebadilishwa, tangu garimoshi la Kigoma hata ubao wa darasani.

Tuliandika usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, katika kaunta buku tano. Kijana wa stesheneri akatupigia kwa kompyuta, ukawa mswada wa kurasa 312, wenye sehemu tatu: babu, baba, na mwana. Kabla ya kuupeleka mbali tuliwasomea watu wa karibu. Mzee mmoja aliyewahi kukata mkonge alitusikiliza jioni tatu, akatuambia ya kuwa mkata mkonge aanza kazi alfajiri, jua lisijawa kali, na ya kuwa mwiba wa ncha ya jani hukatwa kwanza, la sivyo utamtoboa jicho. Hayo tukayatia. Na mtoto mmoja wa darasa la saba, alipofika mahali pasemapo ya kuwa babu alihamishiwa "korona", akasimama akauliza, "Mwalimu, babu aliuguaje korona miaka ile?" Kumbe neno lile ambalo kila mtu wa mashambani alijua kuwa ni mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, kwa mtoto aliyeiona dunia ikifunga shule mwaka 2020, ni jina la maradhi. Tukaongeza sentensi moja ya kueleza mashine. Faida ya kusomea watu ndiyo hiyo: mtungaji haoni mwenyewe mahali ambapo msomaji atajikwaa.

Kisha tukaupeleka mswada kwa kampuni moja ya vitabu. Baada ya miezi mitano ikaja barua ya mhariri, fupi, ya adabu. Alisema habari zampendeza, lakini ameona vitabu vitatu ndani ya kimoja, naye auliza, hadithi hii ni ya nani? Tena akaongeza neno moja lililotuzuia usingizi: kila baba aingiapo, babu hunyamaza.

Tulisoma mswada upya kwa neno hilo, tukaona ni kweli. Baba yetu katika maisha yake ndiye aliyekuwa akimwandikia babu barua za kwao Kigoma, maana babu hakujua kusoma. Na katika kitabu ikawa vivyo hivyo. Tangu ukurasa wa 97 babu hakusema tena kwa kinywa chake, mwanawe alimsemea. Yale ambayo msomaji angetaka kuyasikia kwa mzee yule, yaani kwa nini hakurudi kwao, na alimwacha nani huko, yalifunikwa na maneno mazuri ya mwanawe seremala.

Basi mngeweza kusema, ikateni sehemu hiyo, kazi imekwisha. Lakini sehemu ya baba tuliiandika katika miezi iliyofuata maziko yake. Ilikuwa kurasa 118, nasi hatujapata kuandika kurasa bora kuliko hizo. Harufu ya mninga uliopasuliwa, penseli nyuma ya sikio, jinsi alivyogonga msumari kwa mapigo matatu tu: vyote vilikuwamo. Dada yetu aliposomewa alilia, akaomba nakala. Na mama yetu, aliyekuwa hajui sana mambo ya vitabu, alijua jambo moja, ya kuwa mumewe yumo kitabuni. Aliwaambia majirani. Kuziondoa kurasa zile kulikuwa kama kumzika mtu mara ya pili, na mara hii jembe tumelishika sisi.

Tena tulikumbuka mwana wa katikati wa Achebe, ambaye hakupata kitabu. Kizazi cha katikati mara nyingi hupatwa na mambo hayo. Babu ana safari ya kusimuliwa, mjukuu ana kalamu ya kusimulia. Yule aliyefanya kazi kati yao, akalipa ada na kuezeka nyumba, ndiye anayeonekana kuwa wa kuondolewa. Je, ni haki? Tulikaa majuma saba bila kuugusa mswada.

Mwezi wa Desemba, shule zilipofungwa, tulikwenda kwa mama. Tulimweleza barua ya mhariri yote, bila kuficha. Akanyamaza, akaendelea kupepeta mchele. Halafu akasema, "Kwa hiyo umemtoa baba yako."

Tukajibu, "Bado, mama. Tumekuja kukuuliza."

"Mimi sikuandika kitabu. Nisomee kwanza kinavyokuwa asipokuwamo."

Tukamsomea usiku mbili, babu peke yake, pamoja na kurasa mpya tulizokuwa tumejaribu kuziandika: usiku wa garimoshi, na siku babu alipomwomba karani amwandikie barua, akataja jina la mwanamke wa kwao, kisha akasema basi, iache. Usiku wa pili, tulipomaliza, mama alikaa kitambo. Akasema, "Mwanangu, mimi nimeishi na mzee huyu miaka kumi na minane katika ua mmoja, sikupata kumsikia akisema hivi. Siku zote baba yako alikuwa akimsemea." Tukangoja. Akaendelea, "Sikubali wala sikatai. Kazi ni yako. Lakini karatasi za baba yako usizichome, wala usizifungie maandazi."

Tukakata. Hatukuacha sehemu ya mwana pia, kwa kuwa kitabu kikiwa cha babu, hakuna haja ya mwalimu kujitia mwishoni. Ziliondoka kurasa 118 za baba, na 97 zetu wenyewe. Zikabaki zile 97 za babu, kisha zikaongezeka mpya 61. Mswada wa sasa una kurasa 158. Ni karibu nusu ya ule wa kwanza, na watu waliousoma wote wawili husema wa sasa ndio mrefu, maana umewapeleka mbali zaidi. Mhariri ameupokea, nasi twangoja neno lake. Huenda likawa la kukata tena.

Kurasa za baba ziko kwa mama, katika sanduku lile lile ambalo baba alilichonga. Hazikulala bure. Mama huwaambia wajukuu wamsomee, naye amekwisha kutuletea masahihisho mawili kwa simu: koti la baba la siku ya harusi lilikuwa la kaki, halikuwa jeusi, na meza ya kwanza aliyoiuza hakuiuza kwa karani, aliiuza kwa muuza samaki ambaye hata leo hajaimalizia bei. Twaona dalili ya kuwa kitabu cha pili kimekwisha kupata mhariri wake, naye ni mkali kuliko yule wa kampuni.

Kwa kuwa twajua ya kuwa miongoni mwenu wamo wenye madaftari yaliyofichwa chini ya godoro, twapenda kuwaachia mambo machache ambayo yametufaa.

Kwanza, andika hata mwisho kabla ya kurudi nyuma. Mtu atengenezaye sura ya kwanza kila siku hufa hana sura ya pili.

Pili, ukimaliza, uache mswada ulale. Juma moja ni chache. Mwezi ni afadhali. Ukirudi utausoma kama mgeni, na mgeni huona vumbi ambalo mwenyeji amelizoea.

Tatu, wasomee wengine kwa sauti, na hasa wale wasiokuogopa. Angalia nyuso zao. Wakianza kutazama mlangoni, tia alama mahali hapo.

Nne, uliza, hadithi hii ni ya nani? Ukipata jina moja, pima kila sura kwa jina hilo. Iliyo nzuri lakini si yake, iondoe, ijapokuwa ndiyo uipendayo.

Tano, usitupe ulichokiondoa. Andika tarehe, funga kwa kamba, weka mahali pakavu. Mche uliong'olewa ungali mchanga waweza kushika mahali pengine, kama alivyoshika mjukuu wa Okonkwo mwaka 1960.

Sita, usiwe na nakala moja. Siku hizi jambo hili ni rahisi. Kijana wa stesheneri atakutilia mswada wako katika flashi kwa fedha kidogo, na karatasi zibaki nyumbani. Mkumbuke Bibi Beattie, na ujue ya kuwa si kila mtungaji ana mkuu wa kazi aendaye likizo mahali mswada wake ulipokwama.

Na wale watoto wa darasa la sita waliouliza ni nani aliyemsahihisha mtungaji, jibu letu ndilo hili: alisahihishwa na mzee aliyekata mkonge, na mtoto aliyesimama kwenye neno korona, na mhariri wa barua fupi, na mama aliyekuwa akipepeta mchele. Wote walionyesha mahali. Kisha alibaki peke yake na kalamu, akakata. Muhula ujao tutawapa watoto hao insha zao wenyewe, waziandike upya kwa nusu ya maneno, na aliyenuna tutamsomea habari za miisho 47.